Wilaya ya Kusini, Unguja, imerudi lini baada ya korona?

Swali lenyewe ni fupi: Wilaya ya Kusini, Unguja, ilirudi lini pale ilipokuwa kabla ya korona? Nilichukua takwimu za watalii zinazotangazwa hadharani na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar, nikapiga hesabu kwa njia ambazo kila moja ina watu wake wanaoitetea. Nikapata majibu matatu. La kwanza linasema 2022. La pili linasema 2023. La tatu linasema kwamba hata ulipokwisha mwaka 2024 ilikuwa bado. Hesabu zote ni sahihi. Tabu ni kwamba hakuna hata moja inayoihusu Wilaya ya Kusini yenyewe, na hapo ndipo kisa kinapoanzia.

Kwa asiyeijua wilaya hii, ni ndogo. Pwani ya mashariki kuna Bwejuu, Paje na Jambiani. Kwenye ncha ya kisiwa kuna Makunduchi na Mtende, ukizunguka unaingia Kizimkazi, na zaidi ya hapo kuna Muyuni, Muungoni na Kitogani, vijiji ambavyo watalii wengi huviona kupitia dirisha la gari. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 39,242. Ile ya Agosti 2022 ikahesabu 63,156. Msomaji ashike tarakimu hizo mbili, maana zitaturudia.

Riziki ya pale ina miguu mingi. Kuna hoteli na nyumba za wageni, kuna skuli za kaiti pale Paje, mchezo wa kuteleza juu ya maji ukivutwa na tiara, kuna boti zinazopeleka watu kuangalia pomboo Kizimkazi, kuna uvuvi, kuna mihogo na ndizi, na kuna mwani, ambao kilimo chake cha biashara kilianza katika pwani hii mwaka 1989 na mpaka leo ni kazi ya wanawake kwa sehemu kubwa. Wakati wa bamvua, maji yakipwa, utamkuta mama ameinama kwenye kamba na vigingi vyake, na hatua chache kutoka kwake mgeni anasubiri upepo. Wote wawili wako ufukwe mmoja, lakini korona haikuwapiga kwa namna moja, na hilo pekee lingetosha kumfanya mtu asite kabla ya kutaja tarakimu moja kwa wilaya nzima.

Pigo lilifika Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa Zanzibar alipotangazwa siku chache baada ya yule wa Arusha. Skuli zikafungwa. Aprili, ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa nchi nzima, zikaruhusiwa tena 18 Mei. Mwisho wa Aprili hiyohiyo Serikali ya Muungano iliacha kutangaza mara kwa mara idadi ya wagonjwa. Matokeo yake kwa mpimaji ni mabaya: hakuna mstari wa maradhi unaoweza kuuweka kando ya mstari wa riziki ukaona upi ulitangulia. Tunajua mshindo wa uchumi, lakini ugonjwa wenyewe ngazi ya wilaya umebaki hadithi za misiba na kikohozi. Sitausemea zaidi ya hapo.

Hesabu za uwanja wa ndege

Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea watalii 538,264. Mwaka 2020 wakawa 260,644. Mwaka 2021 wakapanda hadi 394,185, 2022 wakafika 548,503, 2023 wakawa 638,498 na 2024 wakawa 736,755.

Ukisoma haraka, unaona 2022 imeipita 2019 kwa watu elfu kumi hivi. Imekwisha, tumerudi! Ndivyo ilivyosemwa, na aliyesema hakudanganya. Tena Zanzibar ilitangulia: Tanzania yote kwa pamoja ilipokea 1,527,230 mwaka 2019 na 1,454,920 mwaka 2022, maana yake ilikuwa bado kidogo.

Kabla hatujaendelea, angalia hiyo 260,644 ya 2020. Inaonekana kama hasara ya nusu. Lakini Januari na Februari za mwaka ule wageni walikuja kama kawaida, na ni miezi mizuri. Idadi ya mwaka imechanganya miezi ya neema na miezi ya ufukwe mtupu ikatoa wastani ambao hakuna mfanyakazi wa hoteli aliyeuishi. Aliyekuwa Jambiani mwezi Mei hakupoteza nusu ya mapato, alipoteza yote. Kwa hiyo kwa jambo la aina hii kipimo cha mwaka ni kibovu. Hesabu iwe ya mwezi, na Agosti ilinganishwe na Agosti ya 2019. Usiilinganishe na Mei, maana Mei ni masika na hata bila korona hoteli kadhaa hufunga kupaka rangi.

Sasa njia ya pili. Mtu wa mipango atauliza: lau korona isingekuja, tungekuwa wapi? Kati ya 2018 na 2019 watalii waliongezeka kwa asilimia 3.4 hivi, kutoka 520,809. Ukiuendeleza mwendo huo, 2022 ilitakiwa iwe na watu kama 594,000. Haikufika. Mwaka 2023 ilitakiwa 614,000, na ikapita. Basi jibu ni 2023. Lakini kwa nini uchukue mwendo wa mwaka mmoja? Mwaka 2015 watalii walikuwa 294,243 tu, na toka hapo hadi 2019 walikua kwa wastani wa asilimia 16 kwa mwaka. Ukiufuata mwendo huo, 2024 ilipaswa kuwa na zaidi ya watu milioni moja, na sisi tuko laki saba na kitu. Mimi siuamini mwendo wa asilimia 16. Hakuna kisiwa kinachokua hivyo milele, na dalili za kupunguza kasi zilikuwa zimeshaonekana 2019. Lakini namtahadharisha msomaji: anayekwambia "tumepita lengo" au "hatujafika" mara nyingi ameamua jibu pale alipochagua mwaka wa kuanzia.

Njia ya tatu ni ya wakaazi. Watu wa Zanzibar nao wameongezeka, kutoka 1,303,569 mwaka 2012 hadi 1,889,773 mwaka 2022. Ukikadiria idadi ya 2019 kwa mwendo huo, kila wakaazi 100 walikuwa na watalii 32 mwaka ule. Mwaka 2022 walikuwa 29. Mwaka 2023 ndipo wakafika 33. Kwa Wilaya ya Kusini, ambayo watu wake wameongezeka kwa kasi kuliko wastani wa visiwa, pengo lingekuwa pana zaidi kama sehemu yake ya wageni haikubadilika. Sufuria ileile, vijiko vimeongezeka.

Njia ya nne naipenda kuliko zote ingawa sijawahi kuiona kwenye ripoti: njia ya deni. Mwaka 2020 na 2021, ukilinganisha na 2019, walikosekana wageni 421,699. Hao ni mishahara ambayo haikulipwa, samaki ambao hawakununuliwa, ada ambazo hazikupelekwa skuli. Kurudi kwenye idadi ya 2019 hakulipi deni hilo, kunazuia tu lisiongezeke. Deni hulipwa na ziada. Ziada ya 2022 ilikuwa 10,239, ya 2023 ilikuwa 100,234 na ya 2024 ilikuwa 198,491. Jumla 308,964. Hadi mwisho wa 2024, kwa hesabu hii, zilibaki safari zaidi ya 112,000 ambazo hazijafidiwa. Mwenye duka aliyekopa 2020 ili ale anaielewa hesabu hii bila kufundishwa.

Kutoka uwanja wa ndege hadi Paje

Mgeni anahesabiwa anaposhuka kwenye ndege au boti. Akishatoka pale, kitabu cha takwimu hakijui kama amelala Nungwi, Mji Mkongwe au Bwejuu. Halmashauri ya Wilaya ya Kusini ikitaka kujua hali yake haiwezi kukata kipande cha tarakimu ya Zanzibar ikakiita chake. Na ladha ya wageni ilibadilika katikati ya janga. Kabla ya 2020 Waitaliano walikuwa wakiongoza kwa miaka mingi. Mwishoni mwa 2020 na 2021, wakati nchi nyingi zimefunga milango, zikaja ndege za kukodi kutoka Urusi na Ulaya ya mashariki. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, mamia ya watalii wa Ukraine walikwama Zanzibar hawana pa kurudi. Soko moja likaondoka, jingine likaingia, na si kila soko hulala hoteli zilezile au kukaa siku zilezile.

Kwa sababu hiyo vichwa peke yake havitoshi, zinahitajika siku za kulala. Chukua mfano wa kubuni: wageni 100 wakilala siku 8 ni malazi 800, wageni 110 wakilala siku 7 ni malazi 770. Wageni wameongezeka kwa asilimia 10, biashara imepungua. Takwimu za malazi kwa kila hoteli zinapatikana, maana kuna tozo ya miundombinu anayolipa mgeni kwa kila usiku anaolala hotelini. Lakini fedha hizo, na karatasi zake, huenda Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Halmashauri hubaki na leseni za biashara na ada ndogondogo kama za taka. Kwa maneno mengine, aliye karibu na ufukwe hana daftari, na mwenye daftari yuko mjini.

Na hata malazi ya wilaya yakipatikana, yagawanye kwa vitanda. Hoteli mpya hazikuacha kujengwa. Kama malazi yamerudi kama 2019 na vitanda vimeongezeka kwa theluthi, nyumba ya wageni ya vyumba sita iliyokuwapo tangu zamani haijarudi popote. Imegawana na jirani.

Kutafuta kipimo cha chini

Ni vitu gani, basi, ambavyo halmashauri inaweza kuvisoma yenyewe, mwezi kwa mwezi, bila kungoja utafiti mkubwa wa bajeti za kaya? Utafiti wa aina hiyo wa 2019/20 uliweka umaskini wa mahitaji ya msingi Zanzibar kwenye asilimia 25.7. Ni kazi nzuri, lakini huja baada ya miaka kadhaa, na janga halikungoja.

Leseni za biashara ndizo hukimbiliwa kwanza, na mimi naziweka chini. Anayefunga duka harudishi leseni, anaacha tu kuihuisha, kwa hiyo kifo cha duka lake huonekana mwaka mmoja baadaye. Zaidi ya hapo, makusanyo yanaweza kupanda kwa sababu tu wakusanyaji wamepewa mashine na pikipiki. Mapato ya halmashauri kupanda ni habari njema kwa halmashauri, si lazima iwe habari ya muuza chapati.

Umeme naupa uzito mkubwa. Zanzibar wengi wanatumia mita za tukuza, mtu analipa kabla ya kutumia. Ununuzi wa tukuza una tarehe, una kiasi, una mahali, na hakuna anayenunua umeme ili kumfurahisha mtakwimu. Ila kuna mtego ambao nimeuona ukiwanasa watu wenye akili. Ukijumlisha umeme wote wa wilaya, nyumba mpya za watu elfu kadhaa walioongezeka zitaficha friji zilizozimwa. Inabidi kufuata mita zilezile zilizokuwapo 2019. Na zile ambazo hazijanunua tena zisitolewe kwenye hesabu, ziandikwe sifuri. Ukizitoa, unakuwa umewapima waliopona peke yao kisha unashangaa kwamba wote wamepona.

Mwani ni kipimo cha kinyume, na asiyeijua pwani hii atakisoma vibaya. Wanawake wakiongezeka kwenye kamba, mtu wa mjini ataandika "uzalishaji umeimarika". Inawezekana. Inawezekana pia hoteli imewapunguza kazi wakarudi baharini kwa sababu bahari haiandiki barua ya kusimamisha kazi. Na bei ya mwani haiamuliwi Jambiani, inaamuliwa na viwanda vya mbali. Kwa hiyo tani za mwani zisomwe pamoja na ajira za hoteli, na tani zikipanda wakati ajira zinashuka, hiyo ni alama ya dhiki.

Mishahara ni lazima ipimwe, lakini isipimwe kwa shilingi tupu. Mpishi aliyelipwa kiasi fulani 2019 na kiasi hichohicho 2022 ameshushwa mshahara bila kuambiwa. Ukitaka kipimo ambacho kila mtu atakielewa kwenye baraza, hesabu mshahara wa mwezi unanunua kilo ngapi za mchele wa mapembe. Wachumi wana jina refu la kazi hiyo. Mama wa nyumbani anaifanya kila mwisho wa mwezi.

Kisha kuna jambo ambalo hakuna mita inayolisoma. Mwaka 2020 watu waliuza vitu. Ng'ombe, pikipiki, friza, dhahabu ya harusi. Ukimuuliza mtu leo "mwaka 2019 ulikuwa ukipata shilingi ngapi?" atakutajia namba ya kukuridhisha. Muulize "ulikuwa na nini ambacho sasa huna?" naye atakumbuka rangi yake. Na kitu kikubwa kuliko vyote ni eneo. Zanzibar ardhi ni ya Serikali; watu huuziana haki ya kuitumia na vilivyo juu yake, minazi na majengo. Familia iliyoachia kipande cha pwani wakati wa njaa, leo huenda inaona juu yake hoteli yenye bwawa. Katika kila takwimu niliyoitaja hapo juu, hoteli ile ni ushahidi wa kupona: vitanda, umeme, ajira, tozo. Familia ile haimo. Hakuna aliyedanganya, isipokuwa kilichopimwa ni mahali, na walioumia ni watu.

Hilo linawahusu pia wafanyakazi kutoka Bara. Hoteli zilipofungwa wengi walipanda boti kurudi kwao. Baadhi walirejea, wengine nafasi zao zikachukuliwa na wengine. Sensa ya 2022 ilikuta watu 63,156 wilayani, lakini haisemi wangapi kati yao walikuwapo janga lilipoingia. Dodoso lolote la kupona lisipokuwa na swali la "ulikuwa unaishi wapi Machi 2020?" litakuwa linawauliza wageni habari za msiba wasioufika.

Nani apewe sifa

Hapa Kusini ina bahati ambayo kwa mpimaji ni balaa. Oktoba 2021 ulizinduliwa mpango uliogharamiwa na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, dola milioni 567.25, karibu shilingi trilioni 1.3, ambazo watu wanaziita fedha za UVIKO. Zanzibar ilipata shilingi bilioni 231, zikajenga skuli na hospitali za wilaya, ikiwemo ya Kitogani. Hospitali ni jambo jema, lakini jengo ni kitu kilichofanywa, si kitu kilichopona, na ajira za ujenzi huisha siku rangi inapokauka. Zaidi ya fedha hizo, Machi 2021 mtoto wa Kizimkazi aliapishwa kuwa Rais wa Tanzania. Tangu hapo tamasha la Kizimkazi limekua, viongozi na wafadhili wamezoea njia ya kusini, na barabara ya kusini haikosi mgeni mkubwa. Ukikuta Kizimkazi imeinuka haraka kuliko Jambiani, utasema ni pomboo?

Njia ya kutenganisha ipo, na haihitaji kompyuta kubwa. Ilinganishe Kusini na Kaskazini A, yenye Nungwi na Kendwa, ambayo nayo inategemea utalii. Kisha zilinganishe zote mbili na wilaya kama Micheweni ya Pemba, ambayo haikuwa na watalii wengi wa kupoteza. Kama umeme wa Micheweni nao ulishuka 2020 kwa kiasi kilekile, basi kilichoshuka si utalii peke yake. Kama haukushuka, tofauti ndiyo pigo la utalii. Na kama baada ya 2021 Kusini imeikimbia Kaskazini A, zile mbio za ziada zina sababu nyingine na zisiandikwe kwenye safu ya kupona.

Ndani ya wilaya yenyewe ningekataa kutoa wastani. Muyuni na Paje zikichanganywa zinatoa kijiji ambacho hakipo. Ningetoa namba tatu, ya vijiji vya hoteli, ya vijiji vya mwani na uvuvi, na ya vijiji vya ndani, hata kama mkuu wa kikao angependa moja ya kuweka kwenye bango.

Nikiambiwa nianze kesho, nisingeanza na dodoso. Daftari za wageni za 2019 zinazidi kuliwa na mchwa kwenye mastoo ya hoteli, lakini mauzo ya tukuza yamehifadhiwa kwenye mashine za shirika la umeme. Ningeomba mita za Paje, Jambiani na Muyuni, bila majina ya watu, mwezi kwa mwezi toka Januari 2018. Zile zitakazoonyesha sifuri tangu 2020 ningeziandika kwenye karatasi moja, kisha ningekwenda nayo kwa sheha, kiongozi wa serikali wa pale kijijini, tupite nyumba kwa nyumba, kuuliza aliyekuwa akikaa hapa yuko wapi.